Wale wa visiki wa Mpunguzi: nimewalipa misimu mitatu, haya ndo maoni yangu

Niliahidi watu ofisini kwamba nitaandika hii kitu maana kila mtu ananiuliza kwa wakati wake na mi nimechoka kurudia. Swali ni lile lile, wale watu unaowalipa waje kukatakata matawi kwenye pori lako huko Mpunguzi, ni hela ya kweli hiyo unatoa au unatutania? Natoa ya kweli. Na ningejua mapema ningeanza kuwalipa kabla sijamlipa mtu mwingine yeyote, ila ndo hivyo, nilianza na mtu wa trekta.

Niwape picha kwanza. Nina ekari 6 upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa, nilinunua 2019 wakati kila mtu anayehamia Dodoma anakimbilia ardhi kama inagawiwa bure. Lilikuwa pori la kawaida la huku kwetu, migunga mifupi mifupi, mikole, mkulagembe, mibuyu miwili mikubwa upande wa nyuma, na korongo dogo linalokatiza pembeni ya barabara. Sehemu kubwa ilikuwa imeshakatwa kuni na mkaa miaka mingi, kwa hiyo ukiangalia kwa mbali unaona vichaka vichaka tu na vumbi. Mmiliki wa zamani aliweka dungusi kama uzio upande mmoja, na mtu mwingine sijui nani alishawahi kupanda lantana, kile kichaka cha maua kinachosambaa kama gugu, pale kwenye korongo, nadhani kwa ajili ya maua.

Oktoba 2021 nikampata jamaa mmoja mjini ana trekta na blade, akaniambia bosi hili pori ni uchafu, nipe laki tisa nakusafishia lote wikiendi moja, unaanza upya. Nikampa. Akalisafisha kweli, yaani ekari karibu 4 zikabaki kama uwanja wa mpira, aliacha kule nyuma kwenye mibuyu kwa sababu dizeli ilimwishia na hakurudi tena, na leo namshukuru sana kwa ile dizeli kuisha. Nikapiga picha nikamtumia mke wangu, nikaona mambo si ndo haya. Desemba mvua ikaja. Wale mnaoijua mvua ya Dodoma mnaelewa, kwa mwaka mzima haifiki hata milimita 600 lakini inaweza ikashuka nyingi kwa siku chache kwa hasira, ikakuta udongo uko uchi, ikauzoa. Korongo lililokuwa linanifika magotini likanifika kiunoni kwa msimu mmoja. Na pale palipobaki, kilichoota sio nyasi, ni mbigili, mnanaha, ndulele na kishona nguo. Mbigili ile ya kutoboa mpaka kandambili. Laki tisa nimenunua mbigili.

Kinachoniuma zaidi mi kwetu ni Kongwa kwa hiyo sina kisingizio. Wazee wa Kongwa wanaijua hadithi ya karanga vizuri kuliko mtu yeyote, Waingereza walikuja 1947 na matrekta na mabuldoza kufyeka pori ili walime karanga maelfu kwa maelfu ya ekari, pori likawavunjia vyuma, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu, mvua nazo hazikuwasikiliza, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa. Watoto wa kule tumekua tunaona ile ardhi tunapita. Halafu mtoto wa kule huyo huyo anaenda kumlipa mtu wa trekta afanye karanga ndogo yake mwenyewe Mpunguzi. Haya.

Sasa hawa wenyewe. Hawana jina rasmi, hawana bango, hawana ukurasa popote, kijijini wanaitwa tu wale wa visiki. Ni kina mama watano, vijana wanne, na mzee mmoja ambaye kazi yake kubwa nimeona ni kunoa mapanga na kuongea. Anayewaongoza ni mama mtu mzima kidogo, nikimuita mama ananiita mwanangu, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilielekezwa kwao na mtendaji nilipoenda kulalamika kuhusu korongo. Nikafika, mbukwenyi mbukwenyi, salamu za Kigogo hizo, tukaongea, wakaja kuangalia.

Siku ya kwanza hawakushika hata panga, na hapo nikaanza kuwa na wasiwasi. Walitembea tu. Mama anapiga teke udongo anainama anaangalia, anamuita kijana, anamwonyesha kitu kama kidole kimechomoza ardhini, wanaendelea. Baada ya kama saa mbili akaniuliza, mwanangu, unajua una miti mingapi hapa? Nikamwambia mama huoni, hamna kitu hapa, labda ile mibuyu. Akacheka. Akanishika mkono akanipeleka mpaka katikati ya ule uwanja wa mpira wangu akanionyesha kisiki cha mgunga, trekta imekikata juu lakini chini kina vichipukizi kama kumi na vitano vimesongamana kama majani ya kitunguu. Huu ni mti, akasema, tena ni mkubwa kuliko wewe, umelala tu.

Hiyo ndo kisiki hai, wengi mmeisikia redioni. Kwa ambao hamjui, ni hivi. Mti wa asili ukikatwa huku kwetu haufi, mizizi iko chini kabisa inashika maji ambayo mche wako wa kwenye kiriba hauwezi kuyaota hata ndotoni. Kila mvua ikinyesha unatoa machipukizi mengi, mbuzi wanakula, mtu anafyeka, unatoa tena, unabaki kichaka miaka na miaka. Wao wanachofanya wanachagua kisiki, wanaacha chipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine wanaondoa kwa kisu kikali au panga lenye makali, wakati huo wanapogolea matawi ya chini ya yale yaliyobaki ili nguvu iende juu. Wakimaliza wanafunga kitambaa cha rangi, ili mtu akipita ajue hiki kina mwenyewe, kinatunzwa. Afu wanaondoka. Kazi yenyewe kwa kisiki kimoja haimalizi dakika tano, ukiwa unaangalia kwa jicho la mtu aliyelipa unaona kama unaibiwa.

Mambo haya hawajayabuni wao na wala hawadai hivyo. Mama anasema walifundishwa kwenye mafunzo ya shirika la LEAD Foundation, ambao wamekuwa wakiisambaza hii kitu Dodoma tangu 2018 wakishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Na kabla ya hapo kuna Mwaustralia mmoja anaitwa Tony Rinaudo, aliyehangaika kupanda miche Maradi kule Niger ikafa ikafa, mpaka mwaka 1983 akasimamisha gari jangwani akaangalia vile vichaka vizuri akagundua ni miti iliyokatwa. Hii stori ya kusimamisha gari naipenda sana kwa sababu mi gari yangu nilisimamisha mara ngapi pale shambani na sikuona kitu. Niger saivi wanahesabu hekta kama milioni 5 zilizorudi kwa njia hiyo, wakulima wenyewe, bila kitalu.

Lakini kwangu visiki ilikuwa nusu ya kazi, nusu nyingine ni magugu, na kwenye magugu ndo tuligombana na mama.

Mi nilitaka waanze pale korongoni, barabarani, panapoonekana. Pale ndo pabaya zaidi, lantana imejaa, mbigili imejaa, kila anayepita anaona aibu yangu. Wao wakaenda nyuma kabisa kwenye mibuyu, kule ambako trekta haikufika, panapoonekana pazima. Wakaanza kuokota okota, lantana moja hapa, kimwarobaini kimoja pale, kipande cha dungusi kimeanguka wanakitia kwenye gunia. Siku nzima. Jioni nikaangalia nikaona hamna tofauti yoyote, nikamwambia mama, samahani, lakini naona kama mnakwepa kazi. Hakukasirika. Akasema tukianza kule pabaya tutapasafisha leo, na kesho hapo hapo nani ataota? Pembeni yake hakuna mti wala nyasi ya kuja kuziba, itaota mbigili tena utaniita tena utanilipa tena. Tukianza huku pazuri, tukitoa gugu moja pori lenyewe linaziba kile kitundu. Tunausukuma mpaka wa pori taratibu kwenda kule.

Sikumwelewa nikamlipa nikiwa nimenuna. Miezi baadaye ndo nikaja kusoma kumbe kuna dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, miaka ya 1960 walikuwa wanang'oa magugu kwa mikono kwenye mapori ya jirani na kwao, na walichofikia ni maneno yale yale karibu kabisa: anza penye uzima usogee penye ugonjwa, usifukue udongo na ukiufukua urudishie majani yake juu, na using'oe kwa kasi kuliko pori linavyoweza kujijaza. Nikampigia mama nikamsomea. Akasema sawa mwanangu, lakini raundi ijayo ni Jumanne au Alhamisi?

Ile ya kutofukua udongo wanaichukulia serious kuliko nilivyotegemea. Hakuna jembe. Kijana mmoja alikuja na jembe siku ya pili akarudishwa nalo. Gugu dogo wanalivuta kwa mkono wakati ardhi imelowa, siku mbili tatu baada ya mvua, linatoka na mzizi, wanakanyaga pale kwa unyayo wanafunika na majani makavu. Mnanaha wanawahi kabla haujafunga matunda. Ndulele ndo inawatesa maana mzizi wake haukubali, wanaikata chini na kurudi, wanaikata na kurudi, mpaka inachoka yenyewe. Dawa ya kuua magugu hawapigi kabisa, nilijitolea kununua wakakataa, mama akasema humu tunachuma mlenda na mbuzi wa watu wanapita, ukipiga dawa utakuwa umetupiga na sisi.

Dungusi walifanya vizuri sana, hapo sina la kusema zaidi ya pongezi. Kile kitu kila kipande kinachodondoka kinashika mizizi, ukikifyeka kwa panga ukaviacha umepanda mia. Wao walikata kwa utaratibu, wakashika kwa koleo za kuni na majani ya mgomba mikononi, magunia 31, wakachimba shimo moja refu wakayafukia chini kabisa. Kijana mmoja alichomwa na vile vimiba vidogo visivyoonekana, akakaa siku nzima anatolewa na mama yake kwa kibano huku akilalamika kwa Kigogo maneno nisiyoweza kuandika.

Mwarobaini nao ni mjadala. Mi napenda mwarobaini, nani hapendi, umetulea wote. Lakini ni mgeni, kwao ni Asia huko, na hapa Dodoma tumeupanda kila kona na ndege wanausambaza mpaka porini, na ukiukata unachipua kutoka kwenye mizizi kwa kelele kuliko mgunga. Mama alipendekeza tuuache mmoja karibu na pale ninapotaka kujenga kwa ajili ya kivuli na vidogo vyote ving'olewe. Tukakubaliana hivyo, ila mke wangu mpaka leo anasema tumefanya dhambi.

Lantana ya korongoni imewashinda. Naandika wazi kwa sababu nimeona watu wakisifia kitu wanasifia mpaka ovyo. Raundi nne wamekata, wamechimba vichwa vya mizizi, inarudi. Ndege wanakula yale matunda meusi wanaleta mbegu upya kutoka kwa jirani wa ng'ambo ambaye ana uzio mzima wa lantana na hataki kusikia. Na ile ni sumu kwa ng'ombe, sio maua tu. Mi maoni yangu pale wangekubali kupaka dawa kidogo kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa tu, sio kunyunyiza, lakini ndo msimamo wao na nauheshimu, ila gharama yake naiona mimi.

Kosa langu jingine ambalo waliniokoa nalo, mwaka jana nilileta samadi lori zima kutoka mbali kwa ajili ya miembe yangu sita. Mama alivyoiona akauliza imetoka wapi, wamelishwa nini. Sikujua. Akaiweka pembeni, akaimwagia maji akaiacha wiki kadhaa, zikaota mbegu za kila aina, wakazing'oa zikiwa changa ndo wakaruhusu itumike. Nilikuwa nimetoka Arusha muda si mrefu, nikamwonyesha kwenye simu picha ya gugu karoti, lile lenye maua meupe madogo na majani kama karoti, lilianza kuonekana Arusha miaka ya 2010 huko na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu elfu kadhaa, linawasha ngozi, linabana vifua, maziwa ya ng'ombe aliyelila yanakuwa machungu. Akaangalia picha muda mrefu akamwita kila mmoja aje aangalie. Tangu siku hiyo kila lori la mchanga au mbolea likiingia wanalikagua. Wewe mlete fundi wa mjini uone kama atakagua lori lako la mchanga.

Sasa mbuzi. Hapa ndo ilibidi niingie mwenyewe. Baada ya msimu wa kwanza nyasi zimerudi kidogo, jirani akaona pori halilimwi, halijengwi, mwenyewe anakuja mara moja kwa mwezi na suruali ya ofisini, akajua shamba limenishinda, akafungulia mbuzi wake wote. Vitambaa vilibaki, machipukizi yakaisha upande mzima. Nilitaka kwenda polisi. Yule mzee wa kunoa mapanga akaniambia kaa chini kijana. Yeye ni wa Kondoa, akanihadithia habari za HADO, hifadhi ardhi ile iliyoanza 1973, na 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200, yeye akiwa kijana anaswaga ng'ombe wa baba yake kuondoka. Pori lilirudi, anasema, ukienda Haubi kule Kondoa saivi huwezi kuamini, nyasi na miti viliota vyenyewe vikafunika makorongo. Lakini baba yangu hakusamehe mpaka anakufa. Usimfanyie jirani yako HADO.

Kwa hiyo tulichofanya, mama alienda kuongea na yule jirani, mi nikakaa nyuma kama mwali. Makubaliano ni kwamba mbuzi hawaingii, ila yeye anaruhusiwa kukata nyasi kwa mundu na kubeba kwenda kuwalisha nyumbani, mwezi wa tano mpaka wa saba, na maganda ya mgunga yakidondoka kiangazi anaokota. Na kwenye visiki vya mpakani wakazungushia miba waliyopogolea, maana matawi ya mgunga yenyewe ni seng'enge tosha. Tangu hapo mbuzi wameingia mara mbili tu na mara zote alikuja mwenyewe kuomba radhi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya seng'enge na nguzo nikapata milioni nne na kitu.

Bei, maana najua ndo mnatafuta. Raundi ya kwanza, ile kubwa, elfu 45 kwa ekari, kwa hiyo laki mbili na sabini. Raundi za kurudi elfu 15 kwa ekari, elfu tisini kwa zote sita. Mwaka wa kwanza walirudi mara nne, wa pili mara tatu, mwaka huu mara mbili tu na walikataa ya tatu, mama alisema hakuna kazi ya kutosha utakuwa unatupa hela. Jumla ya misimu mitatu ni milioni moja na elfu themanini. Linganisha na laki tisa za wikiendi moja ya trekta, afu niambie. Kuni za kupogolea zinakuwa zao, hilo mkubaliane mwanzoni, mi niliona ni haki kabisa.

Kinachokera sasa. Kwanza risiti hakuna, usiulize, ukitaka karatasi mtendaji anaweza kukuandikia kitu chenye muhuri na ndo mwisho. Pili, mawasiliano ni simu moja ya kiswaswadu ya mama ambayo chaji ni ya bahati, nimeshawahi kuwatafuta siku kumi. Tatu, na hii ndo kubwa, mvua zikianza tu mwezi wa kumi na mbili nao wanaenda kwenye mashamba yao ya mtama na alizeti, na huo ndo wakati magugu yanang'oka kirahisi kuliko wakati wowote. Msimu wa pili walinichelewesha wiki tatu, mnanaha ukafunga matunda upande wa barabara na mbegu zikamwagika, kazi ya mwaka mzima ikarudi nyuma pale. Siwezi kuwalaumu, mtu hawezi kuacha shamba lake aje kupalilia pori la mfanyakazi wa ofisini, lakini mjue. Siku hizi napanga nao raundi ya masika mapema nalipa nusu kabla, wanagawana, watatu wanakuja kwangu wengine wanabaki shambani.

Nne, kuna kijana alikata shina zima la mgunga lililonyooka akaondoka nalo usiku kwa ajili ya nguzo. Nililiona kwa sababu kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye kisiki kitupu. Nikamwambia mama tu, sikumtaja mtu. Wiki iliyofuata akanirudishia elfu 20 na yule dogo sikumuona tena mpaka miezi miwili baadaye, akarudi mpole kama maji ya mtungi. Kisiki chenyewe kimeshachipua tena, kina kitambaa kipya.

Na matokeo? Visiki walivyoweka alama raundi ya kwanza vilikuwa 380, nilihesabu mwenyewe Jumamosi moja nikapata kipandauso, vilivyokufa kabisa havifiki 30. Migunga mingi imenipita kichwa, michache upande wa nyuma imepita paa la kirikuu. Mikole inazaa na watoto wa kijiji wanaijua kuliko mimi, msada nao kuna mmoja sikujua kama upo. Chini ya miti nyasi zimerudi, sio kila mahali, ule uwanja wa mpira bado una mabaka matupu ambayo ukitembea yanalia kama kigae. Korongo halijapona ila limeacha kukua, msimu uliopita nilipima kwa fimbo ile ile. Kanga wamerudi, kwa hiyo na nyoka wamerudi, mke wangu hashuki kwenye gari bila buti. Ofisini kuna mtu alikuja kutembea akaniuliza sasa ndo nini hii, si ni pori tu? Ni pori tu, ndo nilicholipia.

Nawapa nyota nne. Ya tano ningewapa kama wangekuwa na simu inayopatikana. Kama unataka kiwanja kisafi cha kujenga mwezi ujao hawakufai, na kama unataka bustani yenye mistari pia hawakufai, watakuchagulia miti kutokana na iliyopo na sio kutokana na picha uliyoiona kwenye simu. Kama una heka zako za kijijini zimechakaa na huna haraka, nenda kaongee nao kiangazi hiki, mwezi wa nane mpaka wa kumi ndo wanapogolea na ndo wana nafasi. Ukishuka Mpunguzi uliza ofisi ya mtendaji, pale utaelekezwa. Beba maji ya kunywa ya kutosha, beba viatu vizito, na usiende Jumapili asubuhi maana wote wako kanisani. Na kama kuna mtu humu amewahi kuimaliza lantana ya korongoni bila kupiga dawa, naomba aniambie alifanyaje, raundi ya tano ni mwezi wa tisa.